Deni la "Utaelewa Baadaye": Lugha ya Programu Iliyo Rahisi kwa Anayeanza Ni Ipi?

Miaka mitatu iliyopita, Jumamosi moja ya kiangazi, vumbi la Nkuhungu likipenya chini ya mlango, niliandika ubaoni programu ya kwanza kwa vijana tisa waliokuja kujifunza kompyuta. Kazi yake ilikuwa moja tu: kuonyesha neno Mbukwenyi kwenye skrini. Hapa Dodoma huanzi jambo bila salamu ya Kigogo, nikaona na kompyuta nayo ianze hivyo. Lugha ya programu, yaani ya kuiagiza kompyuta, niliyochagua ilikuwa Java, kwa sababu isiyo na busara sana: ndiyo niliyofundishwa mimi.

Kabla ya kuifikia Mbukwenyi yenyewe ilinibidi niandike public, kisha class, kisha mabano yaliyopinda, tena public, static, void, main, String, mabano ya mraba, args, halafu System nukta out nukta println. Kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia akanyoosha mkono.

"Samahani mwalimu, hiyo static ni nini?"

"Hiyo utaielewa baadaye."

Na void? Baadaye. Na args? Baadaye. Hakubisha, aliandika tu. Mwisho wa kipindi nikachungulia daftari lake. Kushoto alikuwa ameorodhesha kila neno geni, kulia ameandika "baadaye", mstari mmoja mmoja, kumi na mbili kwa jumla. Lilifanana kabisa na daftari la mikopo la duka la Mangi.

Daftari lile ndilo lililonipa kipimo ninachokitumia hadi leo. Walimu wenzangu wa TEHAMA huniuliza lugha ipi ya programu ni rahisi, na wazazi wanaotaka mtoto "asome kompyuta" wakati wa likizo huniuliza hivyo hivyo. Swali ni la mstari mmoja, lakini ukilipasua linamwaga pamba kama godoro la zamani.

Wengi hudhani lugha rahisi ni lugha ndogo, yenye maneno machache ya kukariri. Sivyo. Lugha ya C, kwa sanifu yake ya mwaka 1989, ina maneno maalumu 32. Python ina 35. Kwa hesabu hiyo C ndiyo ingekuwa chekechea. Lakini katika C, ukitaka kumuuliza mtu jina na kulihifadhi, lazima kwanza uamue jina litapewa nafasi ngapi kwenye kumbukumbu ya mashine. Mwenye jina refu akija, herufi zinamwagikia kwenye nafasi ya jirani, na programu inaweza kuharibikia mahali pengine kabisa bila kukuambia lolote. Una maneno machache, ila kila moja limekopa.

Wengine hudhani ni lugha inayopendeza macho ya wajuzi. Mwaka 2013 watafiti wawili, Andreas Stefik na Susanna Siebert, walichapisha majaribio ambayo mimi hucheka kila nikiyakumbuka. Waliwapa watu wasiowahi kuandika programu lugha kadhaa, na mojawapo waliitunga wenyewe kwa kuokota alama ovyo ovyo, wakaiita Randomo. Wanaoanza waliopewa Perl au Java hawakuwa sahihi zaidi ya wale waliopewa alama za kuokoteza. Waliopewa Python, Ruby au Quorum walifanya vizuri zaidi. Mtunzi wa Quorum ni Stefik mwenyewe, kwa hiyo msomaji mwenye shaka ana haki ya kukunja uso. Hata hivyo, hilo halipunguzi aibu ya Perl na Java, ambazo zilishindwa kuipita bahati nasibu.

Kwangu mimi, urahisi ni idadi ya vitu ambavyo mwanafunzi anapaswa kuvikubali kwa imani kabla kitu chake cha kwanza hakijafanya kazi. Kila "utaelewa baadaye" ni deni. Kuna deni la wazi, ambalo mwanafunzi analiona na anaweza kuliandika daftarini, kama static. Na kuna deni la siri, ambalo lugha inalificha ili ionekane nyepesi, halafu inamdai mwanafunzi siku asiyoitegemea. La pili ndilo linalowakimbiza watu darasani.

Waliojaribu kulifuta lile la wazi ni wa zamani. Mwaka 1964, katika chuo cha Dartmouth kule Marekani, John Kemeny na Thomas Kurtz walitengeneza BASIC ili hata wanafunzi wasiosoma sayansi waweze kuitumia kompyuta. Mstari wa salamu ulikuwa na namba yake, PRINT, na salamu yenyewe. Na namba ya hesabu ilikuwa namba tu, hukuulizwa kama ni kamili au ina desimali. Ila walikuwa na GOTO, amri ya kuruka kwenda mstari wowote, na programu ikikua kidogo ilikuwa kama njia za mbuzi porini: zote zinapitika na hakuna anayejua zinakotokea. Miaka mitatu baadaye ikaja Logo ya Seymour Papert, Cynthia Solomon na Wally Feurzeig, iliyokuja kujulikana kwa kobe anayetembea na kuchora. Logo ninaifundisha bila kompyuta. Tunatoka nje chini ya mwarobaini, mmoja anakuwa kobe, wengine wanamwamuru: mbele hatua kumi, geuka kulia nyuzi 90. Anayesahau kugeuza anamwona mwenzake akigonga ukuta, na hakuna ujumbe wa kosa ulio wazi kuliko huo.

Kisha Niklaus Wirth wa Uswisi akatoa Pascal mwaka 1970, kwa nia ya wazi ya kufundishia. Nitairudia kwa sababu ya alama moja aliyoichagua vizuri. Lakini hata Wirth aliteleza: katika Pascal ukiweka nukta mkato kabla ya else (neno la "vinginevyo"), programu inakataliwa, na sijui ni wanafunzi wangapi duniani walipoteza usiku kwa nukta hiyo.

Python nayo ina ukoo wa ualimu. Guido van Rossum, kabla ya kuitoa mwaka 1991, alifanya kazi Uholanzi kwenye lugha iliyoitwa ABC, iliyokusudiwa wanaoanza kuachana na BASIC. Ile tabia ya Python ya kusogeza mistari ndani badala ya kutumia mabano imetoka huko. Salamu yetu ikawa hivi:

print("Mbukwenyi")

Kutoka madeni kumi na mbili hadi mawili au matatu: print, mabano, alama za kunukuu. Wiki iliyofuata nilifuta ubao, nikahamia Python. Nikajiona nimemaliza kazi.

Yule kijana wa daftari mama yake anauza zabibu kando ya barabara. Wiki ya tatu akaja na wazo lake mwenyewe: programu ya kupiga hesabu ya mteja. Mama aingize kilo, programu iseme bei. Akaandika, bila msaada wangu:

kilo = input("Kilo ngapi? ")
bei = 2500
print(kilo * bei)

Kila kitu kinasomeka kama barua. Akaingiza 5, akabonyeza, na skrini ya simu yake ikajaa tarakimu 5: 555555, mstari baada ya mstari, anavuta kwa kidole na zinaendelea kuja. Darasa zima lilicheka, yeye hakucheka. Ilikuwa ni tano 2,500 zilizopangwa sambamba.

Kilichotokea ni hiki. Chochote kinachoingizwa kwa input, Python inakichukua kama maandishi, hata kama ni tarakimu. Na katika Python, maandishi ukiyazidisha kwa namba, maana yake ni "yarudie mara hizo". Mashine ilitii amri mbili halali kabisa. Katika BASIC ya kawaida, INPUT K ilipokea namba, na ukitaka maandishi ulilazimika kuandika K$, alama ya kukukumbusha. Katika Pascal ungetangaza mapema kwamba kilo ni namba, na usomaji ungeifuata. Hizo lugha kongwe zilikulipisha kidogo mlangoni. Python inakuambia ingia bure, kisha inakusubiri ndani. Dawa yake ni fupi, kuyageuza maandishi kuwa namba kwa int: int(input("Kilo ngapi? ")), lakini ni mabano ndani ya mabano, na kwa mtu wa wiki ya tatu hapo pana milima miwili.

Deni jingine la siri la Python lina uhusiano na simu, na hili sidhani wabunifu wa lugha walioketi Amsterdam waliliwaza. Kati ya wanafunzi wangu tisa, wawili walikuwa na kompyuta mpakato. Mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alikuja na kishikwambi kutoka vile vilivyotumika kwenye sensa ya 2022. Sita waliobaki waliandika kwa simu. Kibodi ya simu hupenda kuanza mstari kwa herufi kubwa. Basi print inakuwa Print, na hilo angalau linakataliwa papo hapo. Lakini mtu anapoandika

Jumla = jumla + bei

hakuna kinachokataliwa. Kwa Python, Jumla na jumla ni vitu viwili. Kwa kuwa lugha haidai utangaze vigeu vyako (majina yanayohifadhi thamani) kabla ya kuvitumia, inaunda Jumla mpya kimya kimya, na ile jumla ya zamani inabaki sifuri hadi mwisho wa siku ya soko. Pascal ingemlazimu mwanafunzi kutangaza kila kigeu, na jina lisilotangazwa lingekamatwa mara moja. (Pascal, kwa bahati nzuri ya wenye simu, haijali herufi kubwa na ndogo: kwake Jumla na jumla ni kitu kimoja.) Kwa hiyo kile tunachokisifu kama wepesi wa kuandika ni uzito wa kutafuta kosa. Anayeanza hutumia muda mwingi zaidi kutafuta makosa kuliko kuandika, lakini matangazo ya lugha huonyesha uandishi tu.

Niongeze la alama za kunukuu. Ukinakili msimbo (maandishi ya programu) kutoka kwenye ujumbe wa WhatsApp au hati ya Word, mara nyingi zile alama zilizonyooka zimegeuzwa kuwa zilizopinda, na Python haizitambui. Jicho la mtu mzima halioni tofauti kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Na maelezo yanayozunguka kwenye flashi za watu mengine ni ya kabla ya Python 3 ya mwaka 2008, ambapo print haikuhitaji mabano. Mwanafunzi anakopi kitabu neno kwa neno na bado anaambiwa amekosea.

Sasa nirudi kwa Wirth na alama yake. Kila mtu aliyefaulu hesabu darasa la saba hukwama hapa:

jumla = jumla + 5

Kwenye hesabu huu ni uongo mtupu. Hakuna namba iliyo sawa na yenyewe ukiongeza tano. Pascal iliandika := kwa tendo hili, na kuiacha = ibaki na maana yake ya shuleni. C, kisha Java na Python, zilichukua = kwa ajili ya kuweka, zikaipa kazi ya kulinganisha alama ==. Katika C ukikosea ukaandika = moja ndani ya if (amri ya "ikiwa"), lugha inakubali na inabadilisha thamani huku ukidhani umeuliza swali. Python angalau inakataa.

Kwa hili nilipata msaada kutoka mahali ambapo sikuwa nimetafuta, yaani Kiswahili chenyewe. Sisi tuna ni na tuna iwe, na hakuna mtoto wa Makole anayezichanganya. Ukisema "chai ni moto" unaeleza. Ukisema "chai iwe moto" unaagiza. Basi darasani kwangu ni marufuku kusoma = kama "ni sawa na". Tunasoma: jumla iwe jumla ongeza tano. Na == tunaisoma kama swali: je, ni sawa? Tangu tuanze kusoma kwa sauti namna hiyo, mstari ule haujamkwamisha mtu zaidi ya dakika chache. Lugha ya programu haikubadilika hata nukta. Kilichobadilika ni mdomo.

Vivyo hivyo kwa while, amri ya kurudia kazi (kitanzi) kwa sharti fulani. Kamusi nyingi zitakupa "wakati", nami nilianza nalo, likanichoma. Wanafunzi walidhani kompyuta inalichunga sharti muda wote, kama askari getini, na kwamba zabibu zikiisha katikati ya kazi kitanzi kinakatika pale pale. Kumbe sharti linakaguliwa mara moja tu kila mzunguko unapoanza. Tukahamia kwenye "maadamu": maadamu kilo zilizobaki ni zaidi ya sifuri, uza. Halijatibu kila kitu, ila linafaa kwa kukagua kabla ya kuanza. Neno kigeu lenyewe lina bahati yake, kwa kuwa kila mtu anamjua kigeugeu, anayesema hili asubuhi na lile jioni. Neno kodi, kama tafsiri ya code, nililikimbia, wasije wakadhani namaanisha ya TRA, tukashika msimbo.

Je, basi maneno maalumu yote yawe ya Kiswahili? Wapo wanaoamini hivyo, na zana zipo. Scratch, iliyotolewa mwaka 2007 na kundi la Mitchel Resnick pale MIT, unaweza kuigeuza ikawa ya Kiswahili kwa kubonyeza, na kwa kuwa unapanga matofali badala ya kuandika, nukta mkato haipo. Kwa watoto wa msingi, wanaosomeshwa kwa Kiswahili katika shule za serikali, sina ugomvi nayo. Kwa vijana wakubwa nina wasiwasi mdogo, na wala si wa maneno ya amri. Maneno ya kuanzia hayafiki hata kumi, mtu anayakariri kwenye daladala. Kinachowakwamisha ni ujumbe wa kosa. Huo ni sentensi nzima ya Kiingereza, inakuja kwa wino mwekundu, inataja vitu ambavyo mwanafunzi hajafundishwa, na mara nyingine inaonyesha mstari ambao hauna kosa kabisa. Python tangu toleo la 3.10 la mwaka 2021 imejirekebisha, inasema hata bano lipi halikufungwa. Nilimwona mwanafunzi akipona kwa hilo peke yake.

Hapa ndipo linapoingia wazo ninaloliona la akili kuliko yote. Matthias Felleisen na wenzake, walioanzisha mradi wao wa kufundisha kwa lugha ya programu iitwayo Scheme katika miaka ya 1990, waliona kwamba tatizo la lugha kubwa si sehemu usizozitumia. Ni kwamba kosa lako linaweza kuangukia kwenye sehemu hizo. Unakosea kitu kidogo, kwa bahati mbaya kosa hilo lina maana halali katika sura ya ishirini ya kitabu ambayo hujaisoma, na mashine inakujibu kwa lugha ya sura ya ishirini. Zile tano 2,500 za zabibu ni mfano halisi: mwanafunzi hakuwa amefundishwa kuzidisha maandishi, ila lugha ilikuwa inalijua, ikalifanya. Basi wakagawanya lugha kwa ngazi. Aliye ngazi ya kwanza anapewa lugha ndogo ya kweli, na mashine inakataa chochote cha ngazi za juu kwa maneno ya ngazi yake. Felienne Hermans wa Uholanzi alifuata njia inayofanana na hiyo mwaka 2020 alipoanzisha lugha iitwayo Hedy. Ngazi ya kwanza unaandika print na salamu, bila mabano wala alama za kunukuu. Vitu hivyo vinaingizwa kimoja kimoja kadiri unavyopanda, hadi unapofika juu ukajikuta unaandika Python. Na maneno ya amri yanaweza kuwa ya lugha yako.

Hedy kwa kawaida inataka intaneti, na bando la vijana wangu huisha katikati ya wiki. Kwa hiyo ngazi ninazijenga kwa mkono: mwezi wa kwanza tuna vitu sita tu, print, input, int, iwe, if na while, na atakayeleta kitu alichokiona YouTube anakiandika kwenye kona ya ubao kikangoje. Upungufu wake ni kwamba mimi naweza kukataa, ila Python haikatai.

Kuna deni moja ambalo hakuna lugha iliyolifuta. Mtafiti Roy Pea aliliandika mwaka 1986: wanaoanza huamini kwamba ndani ya kompyuta kuna akili iliyojificha inayoelewa walichokusudia. Yule kijana alipoona zile tano alisema, kwa uchungu wa kweli, "Lakini inajua ni kilo." Jina la kigeu ndilo lililomponza: alikiita kilo, akadhani mashine inajua kilo ni nini. Tulilibadilisha jina likawa x, programu ikafanya kosa lile lile, ndipo akakaa kimya kwa muda mrefu. Na ninakiri kwamba lugha inayosomeka kama barua, ile ninayoisifu, ndiyo inayoilea imani hiyo.

Programu ya zabibu ilikamilika. Mama yake aliijaribu kwa siku mbili, akarudi kwenye kikokotoo, akisema simu inaisha chaji.

Septemba 2025 ikatoka Java 25, miaka 30 tangu Java ianze, na salamu yetu sasa inaandikwa void main, mabano, kisha IO nukta println. Public, class na static havidaiwi tena. Nilimwonyesha kijana, ambaye siku hizi ananisaidia kufundisha. Alikuwa bado na lile daftari. Akachukua kalamu ya wino mwekundu, akaanza kukata: public, class, static, String, mabano ya mraba, args, System, out. Void alikuwa amekwisha kuielewa mwenyewe tulipofika kwenye funksheni (kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina lake), akaikata pia bila kuniuliza.

Kisha akaandika mstari mpya chini kabisa, IO, na upande wa kulia akaacha wazi, akinitazama.